Zamu ya Namsifu

Kama leo umeambiwa una saratani, na umekaa mahali unajiuliza uwaambie nini watoto, mimi sina jibu. Nimeugua, nimetibiwa, sasa naitwa kwenda kupimwa tu, na jibu bado sina. Ninachoweza ni kukueleza nilivyofanya mimi, uone mahali nilipochanganyikiwa. Huenda wewe utachanganyikiwa kwingine.

Ilianza na tezi shingoni, upande wa kushoto, wakati tunapanda mahindi ya vuli. Haikuuma. Mke wangu, Mama Namsifu, ndiye aliyeiona, Jumapili nilipokuwa nafunga kifungo cha shati na kifungo kikagoma. Nikamwambia nimenenepa. Akanitazama mwili mzima, akasema, unanenepa shingo tu? Baadaye likaja jasho la usiku, shuka linalowa, kisha mwili ukaanza kuisha. Pale Same mjini walikata kipande kidogo cha nyama kwenye ile tezi wakapeleka kupima, tukasubiri majibu mpaka mahindi yakatoa mbelewele. Yaliporudi nikaambiwa niende hospitali ya rufaa, Moshi.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Mimi ni mkulima kama watu wengine wa kwetu milimani, lakini kijiji kilinichagua kusimamia ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo walilochimba wazee juu ya mashamba. Maji ya kijito yanaingia usiku kucha, asubuhi tunafungua, yanashuka kwenye mifereji. Hayatoshi watu wote kwa siku moja, kwa hiyo yanakwenda kwa zamu, na mpangaji wa zamu ni mimi. Asiyekuja siku yake, maji yanakwenda kwa jirani. Mwenye udhuru anaruhusiwa kumpa mwenzake zamu yake, mradi aseme mapema. Nimetukanwa sana kwa kazi hiyo, ila sijawahi kusikia mtu akisema nimempendelea ndugu yangu. Najivunia hilo, na nimezoea kuamini kwamba kitu chochote kisichotosha ukikipangia zamu kitatosha.

Kule Moshi, chumba cha kusubiria dripu ya dawa ya saratani kina mabenchi ya mbao na televisheni isiyo na sauti. Siku ya kwanza nilikaa karibu na mama mmoja kutoka Ndungu, mkulima wa mpunga, kichwa amekifunga kitambaa cha kijani. Yeye alikuwa ameshatundikiwa dripu mbili, na alinieleza bila kunibembeleza. Alisema ya kwanza nitatoka najiona mzima, nitawadharau wote waliokaa hapa, halafu ya pili itanikamata. Akanimegea kipande cha tangawizi kavu nikiweke chini ya ulimi. Mpaka leo nikiwa na kichefuchefu natafuta tangawizi, na namkumbuka yeye.

Nesi aliyenitundikia dripu alikuwa binti mdogo, mwenye haraka. Wakati anatafuta mshipa aliniuliza nina watoto wangapi. Nikasema watatu. Akabandika plasta, akasema, "Ukirudi nyumbani, kaa na watoto wako." Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Basi. Hakuongeza neno. Mimi nikabaki naangalia matone. Kwetu mtu hakuambii kaa na watoto wako kama anajua utakuwepo mwaka kesho. Nilijiambia daktari ameficha, huyu binti amenihurumia. Kwenye basi kutoka Moshi nilikuwa natazama mashamba ya mkonge siyaoni, na niliposhuka stendi ya Same nilikuwa nimeshaamua. Muda wangu ni mdogo, watoto ni watatu, dawa ya hilo naijua. Tumaini, wa mwisho, mwenye miaka mitano, atakaa na mimi Jumatatu jioni. Elia, wa darasa la nne, Jumatano. Namsifu, binti yangu mkubwa aliyeko kidato cha pili, Ijumaa. Nikawatangazia wote wakati wa chakula. Mke wangu akaniuliza, "Wewe utakaa na watoto, nani atakaa na ng'ombe?" Nilikuwa najiona baba mwema sana.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Mimi sikujua kukaa na mtoto. Kuwa naye nilijua. Mtoto unakuwa naye shambani, anakushikia kamba, anakuletea jembe, mnarudi pamoja mmechoka. Lakini kumwita aje akae tu, mikono mitupu, hilo kwetu lina maana moja, kwamba amefanya kosa na limejulikana. Jumatano ya kwanza Elia aliingia chumbani amesimama wima, hata sijafungua kinywa akaniambia ni yeye aliyevunja waya wa redio. Nikamsamehe. Jumatano iliyofuata akakiri kwamba aliuza mayai mawili dukani akanunua pipi. Nikamsamehe tena, nikamweleza hajaitwa kwa kosa, tunakaa tu. Akaitikia kwa kichwa. Jumatano ya tatu akaleta kosa lingine. Baadaye nadhani makosa ya kweli yalimwishia akawa anayatunga, maana aliwahi kukiri kumpiga jiwe mbuzi wa mtu ambaye hafugi mbuzi.

Tumaini yeye alikuja mbio. Akapanda kitandani, akauliza, "Baba, tunafanya nini?" Nikasema tunakaa. Akakaa. Akauliza, "Tukishakaa?" Kwa bahati, baada ya dripu ya pili nywele zilianza kutoka, na huo ukawa mchezo wake. Alikuwa anazikusanya kwenye mto, anazipanga juu ya blanketi, anazihesabu anakosea anaanza upya. Aliniomba nimwachie zile za karibu na sikio azing'oe mwenyewe, nikamwachia. Mke wangu alitukuta akageuka akatoka. Mimi sikuona ubaya wake. Ndiyo Jumatatu niliyocheka.

Na Ijumaa? Ijumaa ya kwanza Namsifu alikuja mpaka mlangoni, akanisalimia shikamoo, akasema zamu yake amempa Tumaini kwa sababu ana kazi ya shule. Alisema mapema, kama utaratibu unavyotaka, sikuweza kulalamika. Ijumaa ya pili akampa Elia, anakwenda kutafuta kuni. Ya tatu akampa Tumaini. Chakula aliniletea, maji ya kuoga alinichemshia, nguo zangu za jasho alizifua yeye. Kukaa hakukaa.

Masika yakaanza. Barabara ya kwetu ikaharibika, nikawa natoka nyumbani siku moja kabla na kulala kwa shemeji Same mjini ili niwahi basi la Moshi. Mara mbili nilifika kule nikaambiwa damu haitoshi, rudi wiki ijayo. Ukisikia hivyo utakasirika, nakuambia mapema. Unakuwa umejikaza, umejiandaa kuumia, halafu wanakunyima hata maumivu yako. Siku moja ya hizo yule mama wa Ndungu hakuwepo kwenye benchi. Sikuuliza, na safari iliyofuata pia sikuuliza.

Dripu ya tatu ndiyo iliyonivuruga kichwa. Makande yalikuwa na ladha ya msumari. Ncha za vidole zilikufa ganzi, kucha zikawa nyeusi, chai ikawa inanimwagikia. Kibaya zaidi, nilikuwa napoteza majina. Nilimwita Elia kwa jina la mdogo wangu. Asubuhi moja nilitoka nje na blanketi nikimgombeza mke wangu kwamba ndiva haijafunguliwa, watu wanasubiri, na mvua ilikuwa inanyesha kubwa, hakuna mtu aliyehitaji maji. Namsifu ndiye aliyenishika mkono akanirudisha ndani. Alinifunika, akasimama kidogo. Nikamwambia kaa. Akasema uji unaungua, akaenda.

Nilianza kumfikiria vibaya. Nilijiambia ananiona kinyaa, nina upara, nina harufu ya dawa, mashavu yamezama. Nilijiambia anaona aibu kwa wenzake. Kisha nikasema hapana, huyu hanipendi, labda hakuwahi kunipenda, mimi ndiye sikuwa na nafasi ya kugundua. Niliumia kuliko sindano. Nikamuuliza mama yake. Alikuwa ametoka kukamua, amelowa mpaka magotini. Alisema, "Kamuulize mwenyewe. Wewe unagawa watoto kama maji, umewahi kuniuliza mimi siku yangu ni ipi?" Akarudi zizini. Nilimsikia analia kule, na sikujua niende au nimwachie heshima yake. Sikwenda. Siku hizi nasema ningekwenda, lakini siku ile miguu na kichwa havikuwa vinasikilizana.

Asubuhi moja, magugu yakiwa yameshayafunika maharage yetu, nilisikia baragumu. Kwetu baragumu likilia asubuhi vile ni msaragambo, watu wote wanatoka kwa kazi ya pamoja, barabara, shule, au mfereji. Nikajiuliza ni kazi gani mimi sijaambiwa. Nikatoka mlangoni nikawaona wanapanda mteremko na majembe, wanaingia shambani kwangu. Hata wale niliowahi kuwafungia maji walikuwepo. Namsifu alikuwa katikati ya mstari, amejifunga kanga ya mama yake kiunoni, anapalilia sambamba na wanawake wazima, habaki nyuma. Kila akifika mwisho wa tuta alisimama akatazama nyumbani. Nilimpungia. Akainama akaendelea. Niliona haya kusimama mlangoni bila jembe, na nilifurahi, vyote kwa pamoja.

Safari ya dripu ya nne nikajikaza nikamuuliza yule nesi. Nilimwambia siku ile uliniambia nikakae na watoto, ulikuwa unajua nini? Akanishangaa. Hakukumbuka. Alisema huwaambia wote wenye watoto, hasa wanaume, kwa sababu wakifika nyumbani wanajifungia chumbani na kugeukia ukuta, na dripu inayofuata wanakuja wamekonda kwa mawazo. Nikamuuliza, kwa hiyo sifi? Akasema, "Baba, mimi natundika dripu tu." Ungedhani nilifurahi. Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa mara mbili, maana kama ni kweli, basi familia nzima nimeipangia zamu kwa neno la mtu aliyekuwa anatafuta mshipa. Na kama amenidanganya kwa huruma, sina namna ya kujua. Mpaka leo sijui.

Kipupwe kilipoingia, ukungu ukawa unashuka mpaka mlangoni na kukaa mchana kutwa. Nilikuwa nimemaliza dripu ya tano. Ijumaa hiyo Namsifu alikuwa nyuma ya nyumba anakatakata majani ya ng'ombe. Nikatoka, nikashika ukuta mpaka nikamfikia.

Alinisalimia, nikaitikia marahaba. Nikamwambia leo Ijumaa.

"Najua, baba."

"Zamu ni yako."

"Nimempa Elia."

"Elia makosa yamemwishia," nilisema, nikitaka acheke. Panga likaendelea kukata. Nikamuuliza nimemkosea nini.

Aliweka panga chini. Hakunitazama, alitazama majani. "Babu alituita mmoja mmoja," alisema.

Babu ni baba yangu mzazi. Alifia kwetu, katika chumba kilekile ninacholala. Siku yake ya mwisho alifanya kama wazee wa kwetu wanavyofanya, aliita wanawe waingie mmoja mmoja, akampa kila mtu neno lake. Alianzia kwa mdogo wetu. Namsifu alikuwa mtoto wa shule ya msingi, kazi yake ilikuwa kumshikia babu kikombe cha maji, na sisi wakubwa tulimsahau pale ndani.

"Alianza na baba mdogo," Namsifu akasema. "Akaja shangazi. Wa mwisho ukaingia wewe. Ulipotoka tu, babu akageuza uso, akakata roho. Hata chai ilikuwa bado jikoni." Akasogeza panga kwa mguu. "Wewe umeanza na Tumaini. Ukaja kwa Elia. Nimebaki mimi."

Nilitafuta pa kukaa nikakalia lile rundo la majani. Miezi yote mimi nilikuwa napanga maji. Binti yangu alikuwa anaona kitanda cha babu yake. Na alikuwa amefanya hesabu rahisi kabisa, kwamba asipoingia, sitamaliza, na nisipomaliza, sitakwenda.

Nilimwambia sikuwa na maana hiyo. Nilimwambia mimi nilitaka tukae tu. Akauliza tukae tufanye nini, nikamjibu kwa kweli kwamba sijui. Akafikiri. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini na kwa adabu, "Basi mimi siji, baba."

"Usije," nikasema. Na nilimaanisha.

Niliingia ndani nikalia kama ambavyo sijawahi kulia tangu nizaliwe. Sijui nililia kwa furaha kwamba ananipenda au kwa hofu kwamba huenda ana hesabu sahihi. Jambo la ajabu ni kwamba tangu siku hiyo na mimi nikaiamini. Ijumaa ikifika nilikuwa nasikiliza nyayo zake ukumbini, zikikaribia mlango nashika ukingo wa kitanda. Akipita kwenda jikoni nashukuru. Yeye naye alijua, akawa anaacha chakula kizingitini na kugonga mara moja. Zamu za wengine nilizifuta. Elia alionekana amepumzika sana. Tumaini alikataa, akasema Jumatatu ni yake, na kwa sababu hakuna tena zamu basi na siku nyingine zote ni zake.

Mama Namsifu nilimweleza yote. Akapanda kitandani na nguo zake za zizini, akalala ubavuni kwangu mchana kweupe, jambo ambalo hatujawahi kufanya. Tukasikia ng'ombe analia, hakuinuka.

Dripu ya mwisho ilipita. Nikapimwa kwa mashine, nikasubiri majibu kwenye benchi lilelile, na daktari akasema kwa sasa hakionekani kitu, nirudi baada ya miezi mitatu. Nikamuuliza nimepona? Akasema nirudi baada ya miezi mitatu. Nilishuka ngazi sijui nikimbie au nikae chini. Kama wewe utaambiwa hivyohivyo, usitafute maana nyingine ndani yake. Mimi nimetafuta, hakuna.

Niliporudi nyumbani mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya mlima, na nywele zimeota, laini, za rangi ya vumbi. Wote walinipokea uani, wakauliza, nikawaambia alivyosema daktari. Namsifu alisikiliza mpaka mwisho, akarudi jikoni.

Haikuwa Ijumaa. Ilikuwa siku yoyote tu, jioni, nimekaa chumbani kwenye benchi natia mpini mpya kwenye jembe. Mlango ukafunguka, Namsifu akaingia akiwa na sweta la shule. Nilitaka kumwambia atoke. Akavuta stuli, akakaa mbele yangu, magoti pamoja, mikono juu ya magoti.

"Haya, nimekuja," alisema. "Niambie."

"Nikuambie nini?"

"Ulichotaka kuniambia."

Niliweka jembe chini. Nilijua hii ndiyo nafasi, na ni lazima liwepo neno, zito, la baba kwa mtoto wake wa kwanza, la kumtosha maisha yake yote. Nikalitafuta. Nikatafuta tena. Yeye anasubiri, amejikaza kulipokea.

"Namsifu, sina," nikasema.

"Huna?"

"Sina neno."

"Miezi yote ile?"

"Sikuwa nalo. Nilitaka ukae tu."

Alinikodolea macho. Kisha akajifunika uso kwa mikono ya sweta, mabega yakaanza kucheza. Nilidhani anacheka. Nikaona machozi, nikadhani analia. Vilikuwa vyote, na mimi sikujua nimbembeleze kwa kipi. Nikasogea mwisho wa benchi nikamwachia nafasi, akaja akakaa, bega lake likagusa langu. Mama yake akatuita kula. Tulisikia wote wawili, akaita tena, na hakuna aliyeinuka.